Saba Haitoki Nyumbani

Mwalimu,

Nimekaa kwenye kiti chako. Usinikasirikie, changu kilivunjika mguu wiki ile ya matanga na mpaka leo hakuna aliyekitengeneza. Makutano iko vile uliiacha. Malori ya mbao bado yanapigiana honi pale chini, na yule mama wa duka la vitambaa bado anafungua redio kana kwamba mtaa mzima ni kiziwi. Mimi ndiye sijabaki vile uliniacha. Nina jambo la kukuambia ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji. Ile skripti uliyonikataza, niliitumia. Na kidogo tu, Mwalimu, kidogo sana, mama yako angekosa dawa.

Nakusikia. "Kagwiria wee, anza mwanzo." Haya, naanza mwanzo. Nitaandika hata yale unayoyajua, kwa sababu mwezi huu nimeona kinachompata mtu anayeruka maandishi.

Ulikuwa na vituo vitano vya afya, kuanzia Kibirichia kwetu kwenye baridi na viazi mpaka kile cha kwenu juu ya Runyenjes. Kila kituo na kompyuta moja kuukuu ya msaada, na zote ukazitia mfumo wa Linux, kwa sababu ulikuwa wa bure na kwa sababu wewe ulikuwa mbishi. Watu walikuambia utashindwa. Ukawaandikia wauguzi programu moja tu, ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kila Jumatatu inachapisha orodha ya wiki. Aliye kwenye orodha anawekewa dawa zake kando, na asipokuja anafuatwa hadi kwake nyumbani. Asiye kwenye orodha hafuatwi na mtu. Na dawa za kifua kikuu si za kuchezea, ukizikatiza katikati ugonjwa unarudi mkali kuliko ulivyoondoka, na pengine dawa zile zile hazitaushika tena. Mama yako alikuwa mwezi wa nne wa dawa hizo.

Kazi yangu mimi ilikuwa vifurushi. Wewe unarekebisha programu, mimi naifunga pamoja na maagizo yake kwenye diski ndogo ya flopi, ili muuguzi atie flopi, aandike neno moja, na mashine ijiwekee yenyewe. Miaka miwili nimefunga vifurushi vyako. Kila kifurushi kina namba ya toleo, na namba hiyo lazima iandikwe mahali patatu bila kukosea: kwenye faili ya kufungia, kwenye ukurasa wa kwanza wa programu, na kwenye daftari la mabadiliko linalosafiri ndani ya kifurushi. Hapo kwenye daftari unaandika toleo gani, tarehe gani, nini kimebadilika, kwa sababu gani, na jina lako. Uliwafundisha wauguzi wote kwamba mashine itawaonyesha daftari kwanza. Wasome, waelewe, ndiyo wakubali. Kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha vitabu.

Ulikuwa ukiandika daftari lile polepole mpaka nataka kupiga kelele! Kidole kimoja, mkono mwingine umeshika kikombe. Mimi nimekwisha kula viazi vyangu vya Kibirichia na nduma zako za Runyenjes, nimeosha sahani, wewe bado uko mstari wa pili. Sentensi nzima kwa kubadilisha herufi moja. "Muuguzi wa Kibirichia alilalamika kwamba jina la Mzee fulani linatoka nusu. Ana haki. Sasa linatoka lote. Njeru." Nikasema moyoni, huyu mtu anaandika barua kwa mashine.

Halafu Desemba nikakosea. Nilipandisha namba mahali pawili, pa tatu nikapasahau. Kibirichia wakaona kompyuta inasema ina toleo jipya, daftari linasema ni la zamani, wakapiga simu, na muuguzi akaniuliza kama siku hizi tunafanya kazi tukiwa tumelala. Muuguzi wa kwetu kabisa, Mmeru mwenzangu, mbele ya wagonjwa! Hiyo ndiyo siku nilianza kuandika skripti, maagizo mafupi ya kuifanya mashine ifanye kazi yangu. Nilitaka mashine ihesabu yenyewe. Isome namba ya mwisho, iongeze moja, iiandike mahali pote patatu, itie tarehe, ijaze daftari kwa kuangalia faili zilizoguswa. Dakika moja, kazi imeisha. Nilikuwa nimejivunia, Mwalimu. Nilivaa sweta langu la kanisani siku ya kukuonyesha.

Ukatazama mara moja tu. Ukasema, "Kuhesabu, mashine ihesabu. Kusema sababu, hapana." Mimi nikasikia hapana peke yake.

Unajua hasira yetu sisi Wameru. Nilikuambia wewe unaogopa kwamba hutahitajika tena. Nilikuambia mwaka wa elfu mbili unakuja, kila mtu anahangaika kompyuta zitasimama, na wewe bado unahesabu kwa kidole kama mwanafunzi wa darasa la pili. Hukupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Ulisema tu, "Hesabu hadi kumi kabla hujanijibu." Nami nikasema, "Na saba je, niiruke?" Nikabamiza mlango mpaka kalenda ikaanguka.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Na saba je, niiruke.

Kwa sababu nilikuwa nikikucheka kwa ile saba, si siri. Siku moja niliona kwenye matoleo ya zamani kwamba kutoka 1.6 umekwenda moja kwa moja hadi 1.8. Nikakuuliza 1.7 iko wapi. Ukatabasamu ukasema, "Saba haitoki nyumbani." Nikajua ni yale mambo ya wazee wetu, kwamba saba ni namba ya mkosi, Embu na Meru ni wale wale, bibi yangu hakukubali kutaja saba hata akihesabu mayai. Nikakuambia wewe ni mtu wa kanisa, huoni haya? Ukajibu, "Mungu mwenyewe siku ya saba alipumzika. Basi na programu ipumzike." Ukacheka mpaka ukakohoa. Nikadhani ni mzaha tu, nikarudi kwa kazi yangu. Sikuuliza zaidi, na hilo ni kosa langu la kwanza.

Asubuhi iliyofuata ugomvi wetu nikakuta ofisi imefungwa. Wewe uliyekuwa unafika kabla ya wauza maandazi. Nilisimama pale kwenye ngazi na maneno ya kuomba msamaha tayari mdomoni, nusu Kimeru nusu Kiswahili, mpaka mwenye nyumba yako akaja kuniambia kwamba presha imekuangusha ukipika chai. Nilimwuliza, "Ameamka?" Nilimwuliza mara tatu, swali hilo hilo la kijinga.

 Kwenye mazishi walinipa nafasi ya kusema kama mfanyakazi mwenzako, nikatikisa kichwa. Mama yako alikaa mbele akiwa amejifunika leso ya kijani, hakulia, alikuwa akikohoa kidogo na kuangalia mchanga ukiingia. Kesho yake Sista Wanja, muuguzi wa kituo cha Runyenjes, alimpelekea dawa za mwezi nyumbani, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha, tarehe thelathini Januari. Tangu siku hiyo, nikaambiwa, Mama Njeru hatoki uani. Hataki kwenda kanisani, hataki sokoni, kituoni ndiyo kabisa.

Sasa sikia. Wiki ya kwanza ya Februari nilikuwa hapa peke yangu na kompyuta yetu ya majaribio, ile yenye nakala ya majina ya Runyenjes tu. Sikuwa na kazi. Nilikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni anafanya mambo ya ajabu, nikaamua nichapishe orodha za mwezi mzima ili nione tu jina la mama yako. Jina la ukoo wako. Nikachapisha wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hayupo. Nikadhani sioni vizuri, nikafuta macho. Hayupo!

Ilinichukua saa nzima kuelewa. Mama yako aliandikishwa tarehe thelathini, na programu inamtafuta kila mwezi siku ya thelathini. Februari hii haina thelathini. Haina hata ishirini na tisa. Kila mgonjwa aliyeandikishwa siku tatu zile za mwisho, katika vituo vyote vitano, programu ilikuwa inamruka mwezi huu kana kwamba hakuzaliwa. Programu yako, Mwalimu. Nasema bila kukulaumu. Ilikuwa Februari yake ya kwanza tangu ulipoiandika upya kwa toleo la pili.

Marekebisho yenyewe hayakuwa magumu. Siku isipokuwepo, chukua siku ya mwisho ya mwezi. Niliandika, nikajaribu, jina la Mama Njeru likatokea kwenye wiki ya mwisho. Nilishangilia peke yangu kama mwehu. Halafu nikafika kwenye kufunga kifurushi, na hapo mkono wangu ukasita. Haki nakuambia ukweli, ulisita. Nikatazama kiti chako. Nikasema, yeye hayupo, vituo ni vitano, mimi ni mmoja. Nikaita skripti yangu. Ikasoma 2.6, ikaongeza moja, ikaandika namba mahali patatu bila kosa hata moja. Nikatia flopi tano kwenye bahasha, nikazipeleka stendi, madereva wakazibeba siku hiyo hiyo. Nikarudi nikanywa chai. Nilihisi nimekushinda, na ninaona aibu kuandika hivyo.

Kimya. Wiki moja, mbili, tatu. Hakuna kituo kilichopiga simu, na mimi nikachukua kimya kuwa sifa. Desemba walipiga kwa sababu nilikosea, sasa hawapigi, basi nimepatia.

Ijumaa ya mwisho ya Februari, mchana, nikampigia Sista Wanja kutoka simu ya duka la vitambaa. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilitaka tu kusikia kwamba mama yako amechukua dawa. Sista Wanja unamjua, hana haraka, anaongea kama mtu anayekuna nazi. Akasema, "Mama Njeru? Huyo hayuko kwenye orodha ya wiki hii. Nilidhani mmemhamisha hospitali kubwa."

Mwalimu, hiyo ilikuwa orodha ya programu ya zamani. Nikamwambia si nilikutumia flopi mpya! Akasema ndiyo, iko, iko kwenye droo. "Uliniletea saba. Mwalimu alitukataza saba. Alisema tukiiona tusiiweke, tumpigie yeye. Sasa ningempigia nani?"

Nikapiga kelele. Samahani, nilipiga, hata redio ya mama wa vitambaa haikunishinda. Nikamwambia aiweke sasa hivi, ni salama, nimeitengeneza mimi. Akasema taratibu, "Wewe nakujua, wewe ni yule msichana wa Mwalimu. Lakini saba ni saba. Na hapa kwa daftari hakuna sababu, imeandikwa tu faili tatu zimebadilika. Na chini imewekwa sahihi ya mtu anaitwa Root. Huyo Root ni nani? Mimi simjui mtu anaitwa Root." Root, Mwalimu! Jina ambalo mashine inampa mwenye funguo zote. Skripti yangu ilikuwa haijui kuandika Kagwiria. Nikafungua mdomo nimwambie angalau ampelekee mama yako dawa, laini ikakatika. Nikazungusha tena na tena. Tuu, tuu, tuu. Mama wa vitambaa akasema huko Runyenjes mvua imeshusha nguzo, leo hiyo simu sahau.

Dawa za mama yako zilikuwa zinaisha Jumapili. Na Sista Wanja labda angeelewa akaenda, labda asingeelewa. Hata akienda, wale wa vituo vingine je? Majina yao yako kwenye kompyuta za vituo, mimi sina. Sikujua hata ni wangapi. Watu wamekaa nyumbani kwao wakingoja kukumbushwa, na flopi za kuwakumbusha zimelala kwenye droo tano, zote na saba mgongoni.

Nikapanda ngazi mbili mbili. Nikafungua daftari la mabadiliko, lile ambalo kwa miaka miwili nimelifunga kwenye vifurushi bila kulisoma, nikatafuta neno saba. Lilikuwa pale. Umeliandika kabla mimi sijaja, kwa kidole chako kimoja:

"Toleo 1.8. Toleo 1.7 lilikuwa la majaribio, likatoka nyumbani kwa makosa yangu na kufuta rejista ya siku nzima ya Runyenjes. Nimekwenda kuomba msamaha. Kuanzia leo kila saba ni ya majaribio na haitoki nyumbani. Mkiona saba msiiweke, nipigieni. Njeru."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunjika yote mawili. Haikuwa uchawi wa bibi. Ulichukua namba ambayo kila mtu wa huku tayari anaiogopa, ukaifanya kufuli, kwa sababu ulijua hakuna muuguzi atakayeisahau. Na ulikuwa umeliandika wazi. Kila kituo kilikuwa kimesoma isipokuwa mimi niliyekaa meza moja na wewe.

Sikulia wakati huo, sikuwa na nafasi. Nikafuta saba. Nikaandika nane kwa mkono, mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu, nikisema kwa sauti. Nikafika kwenye daftari na stima ikapotea. Nilikaa kwenye kiti chako na kalamu, nikaandika maneno kwenye karatasi ili stima ikirudi niyanakili tu. Nilifuta mara nyingi. Mara ya kwanza nililaumu skripti. Mara ya pili nililaumu simu. Mara ya mwisho nikaandika hivi:

"Toleo 2.8. Februari hii ina siku ishirini na nane, na programu ilikuwa inawaruka wote walioandikishwa tarehe 29, 30 na 31. Sasa inawaweka siku ya mwisho ya mwezi. Tafadhali chapisheni orodha upya leo na muwafuate. Toleo 2.7 lilitoka nyumbani kwa makosa yangu. Lirudisheni. Kagwiria, Makutano."

Stima ilirudi baada ya saa moja na dakika zake. Nikanakili, nikafunga, nikaweka kwenye mashine ya majaribio mara mbili. Flopi nne nikazikimbiza stendi, nikawaapisha madereva kwa majina ya mama zao. Kibirichia nikawapata kwa simu, na yule yule muuguzi wa Desemba nikamwomba msamaha kwa Kimeru, pole pole, mpaka akaniambia basi, wacha, nimeelewa. Wale wengine watatu nilipata mmoja kwa simu, wawili nikaandika barua juu ya bahasha kwa herufi kubwa. Flopi ya tano nikaitia kwenye mfuko wa sweta. Hiyo sikutaka ibebwe na mtu mwingine.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Sista Wanja. Viatu vyangu vilikuwa udongo mwekundu mtupu. Hakunikaribisha chai, hakuniuliza safari. Alinyoosha mkono, akachukua flopi, akavaa miwani. Daftari likatokea. Akasoma huku midomo ikitembea, neno moja moja, na nilijua safari hii nisipoaminiwa ni haki yangu. Akafika kwenye jina langu akalisoma mara ya pili. Kisha akasema, "Sasa hii ndiyo nilikuwa nangojea."

Nikamwuliza kungojea nini. Akashangaa. "Kwani hukusoma aliyoandika Mwalimu?" Akateremsha mstari mmoja tu chini ya maneno yangu na kuweka kidole kwenye kioo. Toleo 2.6. Tarehe ilikuwa ile ya siku tuliyogombana. Ulirudi mezani baada ya mimi kubamiza mlango, Mwalimu, ukaokota kalenda, ukafunga flopi tano mwenyewe na kuzipeleka stendi jioni hiyo, na ndani yake ulikuwa umeandika:

"Toleo 2.6. Orodha ya Kibirichia ilikuwa inarudia majina. Kagwiria ndiye aliyeona na kurekebisha, mimi nimesoma tu. Toleo linalofuata ataandika yeye mwenyewe. Njeru."

Jana yake tu nilikuwa nimeandika juu ya mstari huo huo na sikuuona, macho yangu yalikuwa kwenye namba. Vituo vitano vilijua nimepewa kalamu. Walikuwa wakingoja jina langu, na mimi nikawatumia Root. Hapo ndipo nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, ile niliyoinyima siku ya mazishi yako, mpaka mgonjwa mmoja akaja kuchungulia. Sista Wanja aliniacha nilie. Alikuwa ameshaandika neno lake moja, na mashine ilikuwa inajiwekea.

Orodha ikatoka kwenye printa kwa ile kelele yake. Majina sita ambayo Jumatatu hayakuwepo. La pili lilikuwa la mama yako.

Tulikwenda naye kwa miguu, kupitia mashamba ya majani chai. Mama Njeru alikuwa uani anachambua maharagwe. Alimwona Sista Wanja na mfuko wa dawa, akaingia ndani akatoka na mkebe wa kakao, akanionyesha. Ndani kulikuwa na vidonge vya siku moja. Nilimwuliza kama hakuogopa. Akaniita mwari wakwa, binti yangu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Njeru alisema mimi siangalie tarehe. Alisema mtakuja." Akarudi kwa maharagwe yake. Nilikaa chini nikamsaidia, na nilipopata mdomo nikamwambia yote, skripti, saba, droo, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama wale watano wengine wameshapata.

Wamepata, Mwalimu. Sista Wanja alizunguka kwa baiskeli ya mlinzi, wa mwisho alimkuta Jumapili akitoka kanisani. Vituo vingine vinne vimenipigia kimoja kimoja. Wawili kati ya wagonjwa wa kituo chetu cha Buuri walikuwa wameruka siku moja ya dawa, wanaangaliwa, na mimi nauliza habari zao kila asubuhi.

Skripti sijaitupa. Najua ungeniuliza. Umesema mashine ihesabu, basi inahesabu. Inaandika namba mahali patatu na haisahau pa tatu. Ikifika saba, inafunga kifurushi na kukataa kukiandika kwenye flopi, kinabaki hapa kwa mashine ya majaribio. Lakini kwenye daftari inasimama. Inaniuliza nini, kwa nini, na nani, kisha inangoja. Nikiacha wazi haifungi. Nikiandika Root inanifukuza, hiyo niliiongeza kwa hasira yangu mwenyewe. Jana imeningoja muda mrefu kwa sababu ya herufi moja, nami nikaandika sentensi nzima, kidole kimoja, mkono mwingine kwenye kikombe. Ungenicheka.

Nakuahidi mambo mawili. Nitasoma daftari lote tangu mstari wako wa kwanza kabla sijaongeza wangu, kila mara, hata likifika kurasa mia. Na kila tarehe thelathini, na siku ya mwisho kwa miezi mifupi, nitakuwa uani kwa mama yako mpaka dawa ziishe, orodha ikiwepo ama isiwepo. Ameniambia nilete viazi.

Ulisema nihesabu hadi kumi kabla sijakujibu. Nimechelewa, lakini nimehesabu, na sikuruka hata moja. Nisamehe, Mwalimu.

Pumzika sasa. Saba iko nyumbani.

Kagwiria, Makutano.